Bango Juu ya Uso wa Bibi Tsona

Jumanne, 5 Septemba
Sijamwambia mtu hata mmoja: nafurahi baba kajiunga na Kizingiti. Chama chenyewe sikipendi. Lakini tangu kiwanda cha vioo kifungwe, baba alikuwa akilala kwenye kochi, uso ukutani. Sasa ananyoa ndevu! Leo kapiga pasi shati mwenyewe. Ndiye mwenyekiti wao hapa mjini. Wageni wafukuzwe – sera yao ndiyo hiyo tu. Na wageni tulio nao ni familia moja ya Wasyria, wanaoishi juu ya duka la dawa la zamani.

Jumapili, 17 Septemba
Mkutano wa kwanza. Ukumbi ulijaa mpaka ngazini (nyama choma ya bure ilisaidia). Baba alisema wageni wanaingia nchini kama panya ghalani. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Jirani yetu, mzee Stanyo, akanigusa kiwiko: "Rali, kumbe babako ana mdomo! Sisi tulishamzika." Nikatabasamu. Baba alirudi nyumbani akiimba.

Alhamisi, 28 Septemba
Dirisha la Wasyria limevunjwa kwa jiwe. Binti yao, Rima, huwa anakaa meza ya jirani na yangu maktabani, anajifunza kusoma Kibulgaria. Hatujawahi kuongea – yeye ana haya, mimi zaidi. Leo hakuja. Nilimwambia baba.
"Vijana tu hao, mwanangu. Damu inachemka."
Akaniongezea supu. Ilikuwa tamu. Nikanywa yote.

Jumanne, 10 Oktoba
Balaa! Vijana wa chama kutoka makao makuu, Sofia, wamebandika mabango mtaa mzima. Mlangoni kwa Bibi Tsona, aliyefariki mwezi uliopita, wamebandika juu ya tangazo lake la msiba lenye picha. Juu ya uso wake! Na arobaini bado. Kwetu tangazo la marehemu haliguswi na mtu, huachiwa mvua. Isitoshe, Bibi Tsona ndiye aliyefundisha nusu ya mji huu kusoma. Baba pia.
Asubuhi bintiye, mama Velika, alikuwa akibandua bango kwa maji ya moto na kucha. Likatoka pamoja na picha. Baba akaja kuomba radhi, kofia mkononi. Mama Velika hakugeuka.
"Kamen, alikushika mkono huo huo ukaandika jina lako. Nenda zako."

Jumamosi, 14 Oktoba
Dukani baba kaambiwa mkate umekwisha. Mikate imejaa rafuni! Mzee Stanyo naye kaitundika kofia yake ya chama kwenye lango letu.
"Wageni siwataki, Kamen, sikufichi. Lakini maiti ni maiti, bwana!"
Nimewaza siku nzima. Watu waliitwa panya, hakuna aliyekohoa. Dirisha likavunjwa – kimya. Karatasi moja tu, mji mzima umewaka.
Na mimi je? Mimi nilikunywa supu.

Jumatatu, 30 Oktoba
Uchaguzi ulikuwa jana. Kizingiti hakikupata kiti hata kimoja. Sofia hawapokei simu za baba. Amerudi kwenye kochi.

Alhamisi, 9 Novemba
Bado kochini. Chai naikuta imepoa, haijaguswa.

Jumapili, 12 Novemba
Baba aliitisha mkutano. Alinyoa. Nikamfuata kwa sababu niliogopa asije akawa peke yake, na ndivyo ilivyokuwa. Viti vyote vitupu. Kwa nje nilimsikia mzee Stanyo akipita na mbwa wake, hakusimama.
"Basi tuanze," baba akasema.
Nikakaa safu ya mbele. Nilitaka kitu kimoja tu, asirudi kwenye kochi lile. Akasoma hotuba yote, neno kwa neno. Alipofika kwenye panya sauti ilishuka kidogo. Lakini hakuliruka neno hilo. Nilimfikiria Rima, ambaye hajaonekana maktabani tangu dirisha lao livunjwe.
Akakunja karatasi. "Kuna swali?" Alikuwa akitazama viti vya nyuma, kama ukumbi umejaa.
Ningeweza kupiga makofi. Angefurahi. Angekula chakula cha jioni, labda angeimba. Viganja vilikuwa tayari magotini.
Nikainua mkono mmoja. Nikauacha juu mpaka akaniona.