Mkeka wa Mayu Kwenye Tovuti ya Lamadi

Malambo,
Bariadi, Simiyu.
14 Julai 2024

Mpendwa dada Gloria,

Mwangaluka, dada. Kidonda cha upasuaji kinaendeleaje, kimekauka? Na mtoto, anakuacha ulale? Huku tumebaki mimi na baba. Yeye yuko kule Nkoma; anakula kidogo, anatembea hadi zizini na kurudi. Mimi mwili ni mzima.

Najua usingeweza kusafiri kutoka Tunduru ukiwa na mshono wa siku nne, na msibani hakuna aliyekulaumu. Mayu, mama yetu, tulimzika kijijini Nkoma, kando ya bibi. Nimeshika simu mara tatu nikuambie haya ninayoandika, nikashindwa.

Unajua natengeneza tovuti hapa mjini. Mwezi wa tano nilipata kazi ya mzee Anatoli, mwenye nyumba ya wageni Lamadi. Alitaka nyuma ya maandishi pawe na mchoro wa kwetu. Nikapiga picha mkeka wa mayu, ule wa zambarau na kijani. Kwenye kompyuta kipande kimoja cha picha hujirudia ukurasa mzima, kama malumalu sakafuni, na mtu hatakiwi kuona kinapoungana. Changu kilionekana. Kila baada ya maua mawili palikuwa na mstari kama kovu. Nilihangaika siku mbili.

Mayu alikuwa amekuja kliniki ya presha, akapita ofisini kwangu. Akainama kwenye kioo cha kompyuta, akacheka.

"Josia, umekata ua tumboni. Ningeshona ukili wangu hivi, nani angenunua mkeka?"

Akanionyesha kwa kidole pa kukata: ua linapoanzia, na chane ya ukindu ya kushoto ilingane na ya kulia. Nikakata alivyosema. Mstari ukapotea. Akatazama ukurasa unavyoshuka, unashuka tu, akasema, "Huu mimi ningeusuka hadi lini?"

Mzee Anatoli aliingia siku hiyo hiyo. Akaupenda mno.

"Mchoro huu umeutoa wapi?"

Nami, dada, nikajibu, "Nimeubuni mwenyewe."

Mayu alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma yangu. Nilitaka nionekane fundi, basi. Njiani kwenda stendi aliniuliza tu kama nimekula.

Nilipanga kwenda Nkoma Jumapili nimwombe msamaha. Ijumaa asubuhi baba alimkuta ameanguka karibu na jiko, na hakuamka tena. Ndiyo maana nililia mno msibani. Watu walidhani ni kwa sababu mimi ni kitindamimba.

Baada ya matanga nilikwenda Lamadi nikamweleza mzee Anatoli ukweli. Akavua kofia.

"Yule mama wa kwenye benchi?"

"Ndiye."

"Andika jina lake."

Nimeliandika chini ya kila ukurasa: Nyanjige Maige, Nkoma. Nilimsomea baba. Akaomba nilisome tena.

Kisha mzee akauliza mchoro wenyewe unaitwaje, uandikwe kando ya jina. Mayu alikuwa na jina kwa kila mchoro, aliyataja huku anasuka, na mimi sikuwahi kusikiliza. Baba hajui. Mama mdogo Felisita alitaja majina mawili, halafu akasema hana hakika. Wewe ndiye uliyekaa naye ukijifunza kushona. Nimeweka picha ndani ya bahasha. Itazame, dada, na kama unakumbuka, niandikie. Kama hukumbuki, niambie pia, nijue kwamba limeondoka naye.

Msalimie shemeji Constantine na watoto. Mama mdogo anakusalimu. Baba anakuombea maziwa yasikukauke, na Mungu awalinde wewe na huyo mchanga.

Mdogo wako akupendaye,
Josia