Usiniandikie Mpaka Mtihani Uishe

Kambini, 3 Juni

Mwanangu Profesa,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko vumbi la huku. Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha kila jioni kwamba greda ninaloendesha halina godoro. Wewe hujambo? Mafua yamekuachia?

Barua yako nimeletewa na dereva wa lori la maji. Ile hesabu niliyokutungia umeipata. Malori ya kifusi ni saba, siyo sita. Mimi baba yako nilikosea, na msimamizi kanicheka mbele za watu. Haya, cheka na wewe.

Sasa nisikilize. Huku yupo mpimaji wa barabara, mtu msomi, watoto wake wote watatu wamefika chuo kikuu. Nimemwuliza siri yake. Anasema mtoto wa darasa la mtihani ni zege bichi, haliguswi. Barua, habari za nyumbani, kutembelewa, vyote vinamtoa kwenye kitabu. Nimefikiri siku tatu. Tangu mama yako atutoke sina cha kukupa zaidi ya utulivu, basi nakupa huo. Hii ndiyo barua yangu ya mwisho mpaka mtihani uishe Novemba. Na wewe usiniandikie. Soma.

Usidhani nimependa. Nitaumia mimi kwanza. Lakini mvumilivu hula mbivu.

Baba yako


Shuleni, 19 Juni

Shikamoo Baba,

Natumaini mgongo umepoa. Mimi mzima, mafua yamekwisha. Najua umenikataza, ila naandika saa ya mapumziko, kwa hiyo hakuna kitabu kilichoonewa.

Baba, huyo mpimaji apime barabara zake. Hanijui. Hesabu za mwalimu hazina mtu ndani. Za kwako zina malori, zina yule dereva mvivu anayelala chini ya tela, na nikizifanya nakuona. Ijumaa wenzangu wakigawiwa barua mimi najifanya nafunga kamba za viatu. Nitumie mstari mmoja tu. Hata hesabu tupu isiyo na salamu nitaipokea.

Halafu kuna jambo kubwa. Tarehe mbili Septemba, Jumapili, ni siku ya wazazi wa watahiniwa. Kila mtu anakaa na mzazi wake, mwalimu mkuu anawaeleza mtoto amefika wapi. Njoo, Baba. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa.

Mwanao Profesa


Shuleni, 28 Julai

Shikamoo Baba,

Hujambo? Nauliza kwa kuwa sijui.

Mtihani wa majaribio ulinikuta na homa. Siku ya hesabu nilianguka mlangoni, na mama mpishi wa shule ndiye aliyenibeba mpaka zahanati akakaa nami hadi jioni. Nimepata thelathini na moja kwa mia. Mwalimu kasema nikirudia hivi Novemba, masomo yangu yameishia hapa. Sikulia mbele yake.

Mama mpishi sasa ananikalisha stoo baada ya chakula. Yeye aliishia darasa la nne. Ananiuliza magunia matatu ya unga, wanafunzi mia mbili, yatafika Alhamisi au hayafiki? Akikosea anabisha mpaka nimwonyeshe kwa vikombe. Ananisaidia, lakini si wewe.

Jina lako nimeshaliandikisha kwa tarehe mbili. Utakuja?

Mwanao


Shuleni, 3 Septemba

Shikamoo Baba,

Viti vilipangwa viwili viwili. Nilitazama lango mpaka shingo ikaniuma. Mwalimu mkuu alipokaribia safu yetu, mama mpishi alivua aproni akaja akakaa kwenye kiti chako. Mwalimu mkuu akamwuliza yeye ni nani wangu. Akajibu, "Mimi nipo."

Ulisema nisikuandikie. Sasa nimetii.

Mwanao


Kambini, 15 Novemba

Mwanangu mpenzi,

Sijui nianze na salamu gani. U mzima? Homa ilikwisha kweli?

Mtihani umeisha, na leo asubuhi ndiyo nimezifungua barua zako. Zote tatu nilizitia kwenye kopo la biskuti nikalifunga kwa waya, maana nilijua nikisoma nitajibu. Kila ilipofika moja nilijisifu kwa wenzangu, tazameni, naipenda elimu ya mtoto kuliko roho yangu. Nilidhani ni salamu tu.

Ile Jumapili sikuwa na zamu. Nilifua shati, nikalala mchana. Ruhusa nisingekosa.

Nimemwendea mpimaji nikamwuliza kama wanawe humwandikia. Kasema wana shughuli nyingi. Tena kasema kwa kujivuna, maskini.

Nisamehe mwanangu. Mjinga ni mimi, siyo yeye. Nijibu hata kwa matusi.

Baba yako


Kambini, 22 Desemba

Mwanangu,

Salamu. Wiki tano nalisubiri lori la maji. Dereva wake sasa akinikuta barabarani anatikisa kichwa kabla sijauliza.

Mwalimu mkuu ameniandikia kwamba umefaulu vizuri sana, na kwamba uko kwa mama mpishi tangu shule ifungwe. Kambi nzima imenipongeza. Wamenibeba juu juu, wanasema utulivu niliokupa umezaa matunda. Nikawaomba wanishushe.

Msimamizi amekubali kunipa ruhusa Januari. Nije nikupeleke shule mpya. Niambie tarehe tu, nitakuja hata kwa mguu.

Baba yako


Kwa mama mpishi, 9 Januari

Shikamoo Baba,

Natumaini u mzima. Mimi mzima, na mama mpishi anakusalimu.

Ni kweli nimefaulu. Hesabu nimepata themanini na nne. Sijakunyamazia kwa hasira, Baba. Hasira ziliisha Septemba. Nilikuwa nakaa na karatasi, kalamu mkononi, na sipati la kukuambia. Zamani nilikuwa nakosa nafasi ya kuandika yote.

Naripoti tarehe kumi na moja, kwa hiyo barua hii itakukuta nimeshafika. Mama mpishi ndiye atanipeleka. Usivunjike moyo. Njoo siku nyingine, tutakaa, tutazoeana upya.

Ila kuna jambo ni bora ulisikie kwangu. Shule mpya wameleta fomu, ina nafasi ya jina la mzazi au mlezi, jina moja tu. Nilikaa nayo siku mbili. Ningekuandika wewe, Baba, lakini pembeni wameeleza kwamba huyo ndiye watakayemwita nikipatwa na shida. Nimemwandika mama mpishi, kwa sababu yeye akiitwa anakuja.

Mwanao