Boga la Paskali

Hässelby, Stockholm,
8 Desemba 2024

Mpendwa Shangazi Laurentine,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepata nafuu, na kwamba mvua za vuli zimewanyeshea vizuri huko Muleba. Mimi mzima wa mwili tu. Huku saa tisa alasiri giza limeshaingia, na nyumba imekuwa kimya tangu kaka Paskali atutoke.

Kwenye simu ulilia, nami nikalia, hatukuelezana kitu. Nimeona niandike.

Zile mbegu za maboga ulizompa alipokuja kukuona alizitunza sana. Mwezi wa tano akazipanda kwenye kibustani chetu cha kukodi, zikaota vizuri. Mwezi wa saba akalazwa, ini limeshaharibika. Kila nikienda kumwona, anaulizia maboga kwanza.

Nikamwambia maua yanadondoka tu. Kulikuwa na baridi na mvua, nyuki hawatoki. Akamwita bintiye Felicia karibu na kitanda.

"Tafuta ua lenye kiboga kidogo chini yake. Hilo ndilo jike. Dume lina kikonyo kitupu. Lichume dume asubuhi, unga wake wa njano uupake katikati ya jike. Bila hivyo kiboga kinaoza."

Felicia alizaliwa hapa. Baba yake akimsemesha Kiswahili, yeye hujibu kwa Kiswidi. Kesho yake alipitia bustanini kabla ya kazi, akayapaka maua kama alivyoelekezwa, na moja likashika. Akawa anampelekea baba yake picha: kwanza kama limau, kisha kama ngumi, kisha kama kichwa cha mtoto. Paskali aliitazama simu mpaka inazimika mkononi.

Alifariki Agosti, boga halijakomaa.

Mwisho wa Septemba ikatangazwa baridi kali, tukalikata lingali kijani. Tulipolipasua, mbegu karibu zote zilikuwa bapa, maganda matupu yasiyo na kiini. Felicia alizibonyeza moja moja, akapata chache zilizojaa kidogo. Nilimsihi angoje mpaka Mei, jua lirudi. Akasema hawezi. Mwezi wa kumi na moja akazifunika kwa kitambaa kibichi.

Zikaoza, isipokuwa moja. Hiyo ilitoa mzizi, tukaihamishia kwenye udongo, ikajivua ganda na kufungua majani mawili. Tulifurahi, Shangazi, sikufichi. Lakini mbegu hubeba chakula cha siku chache tu. Kikiisha, mche unataka jua, na jua la Novemba huku halipo. Ukarefuka mweupe kama uzi, ukilielekea dirisha, kisha ukalala. Ndipo Felicia akalia. Mazishini hakutoa chozi.

Nikambembeleza kwamba nitakuandikia utume mbegu nyingine. Akanijibu kwa Kiswahili, "Sitaki mbegu. Nataka kwenda kwa bibi."

Tutakuja kwako Januari, Mungu akijalia. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, na Kihaya hajui. Usimuulize mengi. Mpe kazi jikoni, akae karibu nawe. Akitaka kujua baba yake alilala chumba gani utotoni, mwonyeshe.

Nisalimie mjomba Yosefu na mkewe Daphne, na wote wanaotuombea. Mungu akushike mkono mpaka tufike.

Mwanao akupendaye,
Kevina