Mtani Wangu Aliponisalimia kwa Heshima

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Naomba barua hii ikukute magoti yametulia na asali ya mwaka huu imetoka vizuri. Mimi ni mzima. Najua hutaamini, maana kaka aliniandikia ulivyolia uliposikia nimekonda, ukataka nirudi Tabora haraka nisije nikafia ugenini. Basi kaa vizuri nikusimulie, halafu uamue mwenyewe.

Si malaria, Mama. Damu nilipimwa nikachoka, haina kitu. Ugonjwa ulianza na kampeni. Tangu vije hivi vyama vingi, na kiwanda chetu cha nguo kiuzwe na wengine wapunguzwe kazi, watu mtaani wakaanza kuulizana jambo ambalo miaka yote hakuna aliyejali: wewe kabila gani, na watu wenu wako chama gani? Bombani wakasema baada ya kura kila mtu atarudi kwao. Nikapanga nguo zangu kwenye sanduku, nikaliweka mlangoni. Usingizi ukanikimbia, moyo ukawa unadunda kama nakimbizwa, ugali nikiuona nasikia kichefuchefu.

Lakini aliyenimaliza ni Mama Mkude, jirani yangu wa ukuta mmoja, Mluguru wa Mgeta. Tangu nihamie hapa hajawahi kuniita jina langu. Kila asubuhi hugonga dirisha: "We mtumwa wangu, amka! Babu yako alibeba mizigo, wewe unabeba usingizi?" Nami namjibu, "Nyamaza, mla mboga!" Ndio utani wetu, Wanyamwezi na Waluguru, unaujua. Sasa siku moja nikakutana naye mlangoni, akaniambia taratibu, "Habari za asubuhi, dada Zuhura." Lahaula! Mtani akikuheshimu, ujue kuna jambo limekufa. Nikarudi ndani nikalia.

Tukapiga kura. Matokeo yakiwa bado, mama yake Mama Mkude akafariki kule mlimani Mgeta. Mume wangu akasema, "Usiende, siku hizi watu si wazuri." Nikamwambia, "Msiba usio na mtani ni msiba gani?" Nikapanda mlima.

Nikakuta watu wamegawanyika. Wa chama hiki wamekaa huku, wa kile kule, hawatazamani. Katekista alipomaliza sala nikasimama, nikajifunga kanga ya marehemu, nikachukua mkongojo wake, nikachechemea uani nikifoka kama alivyokuwa akifoka kila alipokuja kwa bintiye: "Nani kamkaribisha huyu Mnyamwezi? Atatumalizia ugali! Na nyie mliotengana kama mbuzi wagonjwa, mlisubiri nife ndiyo muanze ujinga?"

Hakuna aliyecheka. Mama, nilitamani ardhi ipasuke.

Mara Mama Mkude akainuka, macho yamemvimba. "We mtumwa wangu," akasema, "mama alikuwa anachechemea mguu wa kushoto, siyo huo!"

Weee! Uani pakalipuka kicheko, hata wazee wakashika mbavu. Akanikumbatia, tukalia wote wawili. Kumbe naye alikuwa hapati usingizi! Aliambiwa sisi wa kuja tunatia alama nyumba za Waluguru. "Nikaliona lile sanduku lako mlangoni," akasema, "nikajua unatoroka kabla ya hilo balaa mnalotupikia." Sanduku langu la hofu, Mama, ndilo lililomkosesha mwenzangu usingizi!

Matokeo yametangazwa. Wapo waliocheza ngoma na wapo walionuna, lakini hakuna aliyerudishwa kwao. Hofu haijaisha yote. Wapo majirani ambao bado wanashtuka wakigongewa mlango, na wengine hapa hawana mtani hata mmoja. Hao nawahurumia kweli. Mama Mkude anasema tugawane, yeye awatanie wa upande wa kisima, mimi wa upande wa reli.

Sanduku nimempa, anatunzia mbegu za karoti. Nitakuja kukuona wakati wa mavuno, nikae nawe, kisha nirudi huku nyumbani.

Mpe shikamoo shangazi aliyenifunza kusuka mikeka, na mwambie kaka, mlina asali wetu, asikutishe tena na barua zangu. Wajukuu zako wanakuamkia.

Leo dirisha limegongwa jua limeshapanda: "We mtumwa, umekufa?" Sikufa, Mama. Nilikuwa nimelala fofofo.

Mwanao akupendaye,
Zuhura