Tairi la Nyuma, Mama Mkwe na Msumari Ambao Haukuwapo

Shangazi Nereah mpendwa, nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana hapa nilipo siwezi kumuuliza mtu mwingine bila kujichoma.

Mimi naitwa Kimanzi, nina miaka thelathini na sita, nachomelea mageti hapa Lindi, Kibera, nina bibi anaitwa Nzilani na watoto wawili, na mwaka jana nilinunua Civic ya zamani, gari safi kabisa, haikuwa na shida yoyote, shida niliileta mimi, kwa sababu nina rafiki Kawangware anaitwa Ndegwa ambaye gari yake iko chini mpaka paka hapiti, na mimi nikaingiwa na wivu, nikatoa springi zote nne nikazikata kwa grinda yangu mwenyewe, mizunguko miwili kila moja, na Shangazi sitakudanganya, siku niliyoitoa nje vijana wote walisimama, mmoja akaniambia, "Buda, hiyo imekalia lami kama bibi harusi," nikasikia raha ambayo sijasikia tangu nioe.

Lakini tairi za nyuma zikaanza kusimama vibaya, juu zimeingia ndani, chini zimetoka nje, kama ndama aliyezaliwa asubuhi anajaribu kusimama, na Nzilani akaniuliza, "Baba Ryan, mbona hii gari imepanua miguu?" nikamwambia ndivyo zinavyokuwa siku hizi, na baada ya miezi miwili tairi zikaliwa upande wa ndani mpaka waya zikaonekana, ila ukiangalia kwa nje ni mpya, kwa hivyo nikawa naangalia kwa nje.

Sasa Jumapili tatu zilizopita mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Kitui kutibiwa macho, tukawa tunaenda kanisa Kawangware, yeye amekaa nyuma, tairi ya nyuma ikapasuka, gari ikazunguka ikasimama ikiangalia tulikotoka, mbele ya jiko la mama mmoja wa mahindi choma, hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, mama mkwe akatoka kofia ikiwa imegeuka nyuma mbele akasema, "Kimanzi, ni nini hiyo?" na mimi, Shangazi, mdomo wangu ukasema wenyewe, "Ni msumari, Mama."

Hapo ndipo nilipoharibu, kwa sababu gari yangu inalala kando ya kibanda cha Alvin, fundi wa vitanda, na mama mkwe alipofika nyumbani alienda moja kwa moja kwa Alvin akamwambia mbele ya watu kwamba misumari yake nusura iue watu watano, na Alvin, vile ni mtu wa amani, akaomba msamaha, kwa misumari ambayo hakuangusha, na tangu siku hiyo kila asubuhi anafunga sumaku kwa kamba anaivuta kuzunguka gari yangu kabla hajaanza kazi, ananiambia, "Niaje Kimanzi, leo ziko sawa," namjibu, "Fiti," naingia ndani chai hainipiti, na kuna mama wawili wamehamisha oda zao za vitanda kwa fundi mwingine.

Swali langu ni la spea tu. Jumamosi namrudisha mama mkwe Kitui, nimeshanunua tairi mpya, na nataka kunyoosha zile za nyuma. Ndegwa ana mikono miwili, yaani vile vyuma vinavyoshika tairi ya nyuma kwa juu, ni nyekundu, imetoka kwa gari ya mashindano, inarefushwa kwa skrubu, haina raba, ni chuma kwa chuma. Shiundu, fundi wetu hapa Lindi, anasema niweke tu washa, vile visahani vya chuma vyenye tundu, nyuma ya bolti za mkono wa zamani, tairi itasukumwa nje juu. Na mimi kwa sababu mashine ya kuchomelea ninayo, nimetengeneza mkono mmoja kwa bomba lililobaki la geti la kanisa, niliusimamia kwa miguu yote miwili haukupinda. Nichague upi? Na tafadhali Shangazi, usiniambie niinue gari.

Kimanzi,
Lindi, Kibera

SHANGAZI NEREAH ANAJIBU

Kimanzi, inua gari.

Kabla sijaanza kujibu barua za mapenzi nilikaa miaka kumi na moja nyuma ya kaunta ya duka la spea Kirinyaga Road, kwa hivyo mimi si wa kubabaishwa na rangi nyekundu. Barua yako ilinifikia Jumatano. Nilipoona neno Jumamosi sikungoja gazeti, nilikupigia simu, na wasomaji wacha wasikie tulivyoongea.

"Huo mkono wa geti uko wapi saa hii?"

"Uko kwa gari, Shangazi."

"Uliandika umeutengeneza. Hukuandika umeufunga."

"Nilitaka tu kuona vile utakaa."

Nilikwambia uutoe nikiwa nasikia, na nilisikia spana mpaka ukatoka, kisha nikasikia grinda ikiukata vipande viwili. Geti linafunguka na kufungwa. Mkono wa gari unapigwa na kila shimo kutoka Kibera hadi Kitui. Ukikatika, tairi inalala, na anayekaa juu ya tairi hiyo ni mama aliyekuzalia mke.

Kisha nikauliza, "Na Alvin?"

"Shangazi, mimi niliuliza spea."

"Na mimi nimeuliza Alvin."

Nakupongeza kwa jambo moja: ulienda, kisha ukanipigia kunisimulia. Alhamisi saa kumi ulimkuta akipiga randa, ukamwambia mbele ya wateja wake kwamba msumari haukuwapo, ni wewe uliyekata springi. Alvin akaweka randa chini. "Wiki tatu," akasema, "nimekuwa nikihesabu misumari kila nikimaliza kitanda. Nilidhani nazeeka vibaya." Hakukutukana. Alisema tu, "Sasa mwambie mama. Mimi nikiwa hapa."

Ukamwita. Mama mkwe akasikiliza yote, akakupita kama nguzo ya stima, akamshika Alvin mkono kwa mikono yake miwili. "Mwanangu, nilikukosea mbele ya watu. Naomba msamaha mbele ya watu." Halafu akakugeukia: "Wewe, ngoja Nzilani arudi." Hukuniambia Nzilani alisema nini, nami sikuuliza. Jumamosi mama alisafiri kwa basi, na Alvin ndiye aliyembebea begi hadi steji. Wale mama wawili wa oda, nenda kwao mwenyewe. Usitume mtu.

Sasa spea. Springi ulizokata ni takataka. Nunua zilizotengenezwa zikiwa fupi, gari likae chini vidole viwili vitatu kuliko lilivyotoka kiwandani, basi. Liendeshe siku chache lizoee, ndipo ulipeleke likapimwe alaimenti, yaani jinsi tairi zinavyosimama, kwa mashine, kwa sababu kila ukiinua au kushusha, vipimo vinabadilika. Tairi ikiwa bado imeegemea kidogo, washa za Shiundu zinatosha. Huyo fundi si mjinga. Ikiwa imeegemea sana, nunua mikono mipya ya kurefushwa, pande zote mbili, yenye bushi za raba na nati za kufungia zisizolegea. Ile ya Ndegwa ni ya barabara laini kama meza. Kwenye njia zenu itaanza kugonga kabla shule hazijafungwa. Na fundi apime pia tairi zinatazama wapi. Kuegemea kunakula tairi polepole, kutazama kando kunaila mbio, na nina hakika ndiko kulikokutolea waya nje.

Mwisho, siku ya kupima usiende peke yako wala na Ndegwa. Nenda na Nzilani, karatasi ya vipimo ashike yeye, na fundi amweleze yeye. Akielewa, lipa mwende nyumbani. Asipoelewa, gari lirudishwe juu ya mashine.