Shimo Nililolificha kwa Nyasi

Bibi Kisa wa redio, mpendwa wetu, nakuandikia nikiwa nimeishiwa nguvu, naomba unishike mkono.

Mimi ni mfinyanzi wa Ikombe, na udongo wetu wa karibu umechoka, vyungu vinapasuka motoni, basi nikapata mzuri kwenye ncha ya kile kiwanja cha nyasi zinapotua ndege ndogo, nikachimba hadi magotini, na kwa choyo nikafunika shimo kwa nyasi ili wenzangu wasijue ninapochota. Jumatatu ya wiki iliyopita ndege ikatua, gurudumu likaingia humo, ikapiga pua chini kwa kishindo nilichokisikia kifuani. Abiria alikuwa mmoja, mkunga Asajile, aliyenizalisha wanangu wote watatu, na sasa hospitali wanasema hatasimama tena. Watu walipokuwa wanambeba, mimi nilirudisha udongo niliokuwa nimeurundika kando, nikaukanyaga mpaka pakawa sawa, na jioni mvua ikamalizia. Rubani Hezroni akasema, "Kulikuwa na shimo," wakaenda kutazama, hawakuona kitu, na sasa wanamcheka, "Shimo lilikuwa kwenye chupa!" Alhamisi wakaguzi wanakuja, akikosa shahidi atanyang'anywa leseni. Mume wangu Gwamaka anasema, "Funga mdomo, mama Lusungu, unataka watoto walelewe na nani?" Sili, silali. Nifanye nini, Bibi?

*

Mama Lusungu, barua yako nimesomewa mara mbili, maana mimi shule sikuiona hata mlango. Ya pili nililia. Njoo nikukumbatie, halafu nikuchape.

Kuficha udongo ni ugonjwa wa wafinyanzi wote, hata marehemu mama yangu alificha wake. Lakini kufukia! Mwenzako analia chini, wewe unakanyaga! Usiniambie ulichanganyikiwa, miguu yako ilijua inachofanya.

Sikudanganyi kwamba ukisema utapona. Asajile hatatembea. Huenda nawe ukafungwa. Watoto walete kwangu Mwaya, ndizi zipo, na Gwamaka aache kuwafanya kufuli la mdomo wako.

Majina nimeyageuza, ila Ikombe si mji mkubwa. Wahi kusema kabla hujasemwa. Kesho asubuhi mchukue mchungaji na mwenyekiti wa kijiji, muende kwa Hezroni, umwambie mbele yao. Kwa Asajile nenda pia, lakini msamaha usimwombe, ana mzigo wa kumtosha. Mwambie ukweli. Akikufukuza, ondoka.

Na Alhamisi nenda kiwanjani na jembe lako lilelile. Ulifukia watu wakiwa wamekupa mgongo, fukua wakikutazama.