Kitabu Kilichosahau Ngamia

Tunduma,
Jumapili, baada ya ibada

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, Baba. Mpe na Mama shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, maana najua amesimama nyuma ya kiti chako anasubiri. Mguu wake unaendeleaje? Mara ya mwisho mliniandikia kwamba ameanza kwenda shamba mwenyewe. Nilifurahi, kisha nikaanza kuogopa kwamba anawadanganya ili asipitwe na mbaazi zake. Mikorosho imechanua? Ming'oko ya kuchimba porini mnapata? Huku watu hawaijui, nikiwaeleza wananitazama kama mtu anayekula mizizi kwa sababu ya njaa.

Mimi ni mzima. Baridi ya Tunduma imenishika koo kidogo lakini sauti ipo. Mama mdogo Paulina naye ni mzima, anagombana na wauza mkaa kama kawaida yake, na banda letu la chakula linapata watu. Malori yamepanga foleni hadi nje ya mji. Madereva wakikwama mpakani wanakula, kwa hiyo shida yao ndiyo riziki yetu, Mungu atusamehe.

Sasa kaa vizuri, Baba. Kuna barua ya posa inakuja. Nimeona nikuandikie kabla haijafika, kwa sababu ukiisoma hiyo bila kusoma hii utaelewa nusu, na nusu yenyewe ni ile mbaya. Anayeposa anaitwa Lameki. Usianze na jina. Najua utasema Lameki wa Mwanzo alioa wake wawili, lakini yuko pia Lameki baba yake Nuhu, na huyu wangu mimi namweka upande wa huyo wa pili. Ni Mnyiha wa Hasamba, kule Mbozi, analima kahawa na mahindi, na ndiye anayetuletea maharage bandani. Kanisa lake si letu, ila amebatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Nimemwuliza mwenyewe, kama unavyowauliza wanafunzi wako wa ubatizo.

Kinachonitia hofu si jina wala kanisa. Ni kwamba habari hii ilianzia kwenye kitabu cha hadithi. Nakumbuka ulivyosema kwamba riwaya za dini ni uongo uliovishwa kanzu, ukatukataza kuzileta nyumbani. Ukilisikia jambo hili kwa mtu mwingine utaikataa posa bila kuuliza zaidi, nami sitaki uikatae. Haya, nimeshasema. Sikiliza basi ilivyokuwa.

Kila Jumatano, chakula cha mchana kikiisha, akina mama wa kanisani wanakuja bandani kwetu tunasoma pamoja. Tulianza na Biblia peke yake. Kisha mchuuzi wa vitabu akapita na riwaya ya msichana aliyeokoka, Stela, anayechota maji bombani huku akimwomba Mungu mume. Msomaji ni mimi, kwa sababu wengi wao wamezoea Kinamwanga na Kinyiha, na Kiswahili cha kitabuni kinawapa taabu. Nasoma sura ya Biblia, naifunga, nafungua riwaya, kwa sauti ileile, kwenye benchi lilelile. Hatari yake sikuiona. Siku moja jirani yetu Mama Sikujua alisimama kanisani kutoa ushuhuda akataja neno la Mungu linalosema hivi na hivi, na neno lenyewe lilikuwa la Stela. Kanisa zima likaitikia amina, na mimi nikiwemo.

Lakini usikidharau kitabu hicho, Baba. Hapa maji ni shida kweli, tunayafuata alfajiri na madumu, na mtu akikuomba maji ya kunywa ameomba kitu. Stela naye ana madumu. Anasukumwa kwenye foleni kama sisi na bado anasali. Akina mama walimlilia kama mtoto wao. Mahubiri ya miaka yote hayajawahi kututaja sisi wa bombani, na kitabu kile kilitutaja.

Ombi la Stela lilikuwa hili: mwanamume atakayekuja kumwambia, dada, nina kiu, nigawie maji kwa upendo wa Bwana, huyo ndiye mume aliyetumwa. Akaja, peke yake, shati jeupe, akasema hivyo hivyo. Basi wasichana wa kanisani wote wakashika ombi hilo. Rafiki yangu Tabitha alijiwa na fundi cherehani mmoja mpole, mwenye duka lake, mtu wa ibada. Bahati mbaya alipofika kwao aliomba chai. Tabitha akamkataa. Fundi ameshaoa kwingine, na Tabitha mpaka leo anazunguka njia ya mbali asipite mbele ya duka lile. Nilimcheka, huku na mimi naomba ombi lilelile kila nikiosha masufuria.

Basi siku moja Lameki alishusha magunia kama siku zote, ila alikuwa amevaa shati jeupe. Shati jeupe katika vumbi la Tunduma, nilipaswa kujua tu kwamba mtu huyu amejiandaa. Akasimama mlangoni akasema, "Dada Agnesi, nina kiu. Nigawie maji kwa upendo wa Bwana." Upawa ulinitoka mkononi ukazama kwenye maharage. Nikampa maji, akanywa, akashukuru, akaenda zake. Sikumweleza mtu. Baada ya hapo alikuwa akija tunazungumza, ananieleza kahawa inavyochumwa na inavyokaushwa, na siku aliponiuliza kama watu wake wanaweza kuja kwenu, moyoni mwangu nilikuwa nimeshakubali tangu siku ile ya maji.

Kwa furaha hiyo nikataka kuwaonyesha akina mama kwamba mambo ya Stela yamo katika Biblia. Nikachukua Biblia uliyonipa nilipopata kipaimara, nikafungua pale mtumishi wa Ibrahimu anaposimama kisimani kumtafutia Isaka mke. Nilidhani naijua habari ile. Nilikuwa nimesahau ngamia.

Anayeomba maji pale hata si mchumba. Ni mtumishi mzee aliyetoka safari ndefu. Wala hakungoja kusikia maneno fulani matamu. Aliomba apate msichana ambaye akiombwa maji ya mtu mmoja, atajitolea kuwanywesha na ngamia. Ngamia kumi, Baba, wametoka mbali na kiu yao. Mimi mbeba madumu najua hiyo ni kazi ya namna gani. Rebeka akaenda mbio na kurudi mpaka wote wakatosheka, na mtumishi anamtazama tu, kimya, aone ni mtu wa moyo gani. Kisha ndugu zake wakaulizwa, na mwishoni yeye mwenyewe akaulizwa kama atakwenda. Mwandishi wa Stela alichukua maji, akaacha ngamia, akaacha na ndugu. Badala yao akaweka shati.

Jumatano iliyofuata niliwasomea yote mawili. Mama Sikujua akataka kujua kama sasa tukichome kitabu. Nikasema hapana, tukisome huku tunakipima. Ndipo akauliza lile nililokuwa naliogopa. Karibu na mwisho wa riwaya mtoto wa dada yake Stela anafariki, anageuka malaika. Mama Sikujua alimzika mwanawe Daudi mwaka juzi, na sura hiyo alikuwa akiniomba niirudie mara kwa mara; sasa alitaka kujua kama na hilo limo katika Biblia. Nilitamani kunyamaza. Lakini nikamwambia kama ulivyotufundisha, kwamba malaika ni viumbe wengine, watu hawageuki malaika, sisi tunangoja ufufuo, na Daudi atafufuka akiwa Daudi. Nilisema nikitazama chini.

"Afadhali," akasema. "Malaika nisingemtambua."

Tulilia wote, mpaka Mama mdogo ambaye huwa anajifanya anahesabu sahani. Siku hizi tunaendelea na riwaya, na mahali panapotia shaka mmoja wao huuliza, "Na ngamia?" nami naweka kitabu chini, tunafungua Biblia. Tabitha ndiye anayeuliza kuwashinda wote.

Mimi nilibaki na swali langu. Kama ile haikuwa ishara, Lameki aliyatoa wapi maneno yale? Alipokuja nikamwuliza, naye hakuzungusha. Siku za Jumatano alikuwa akikaa nje juu ya magunia yake kungoja tumalize, na mbao za banda letu zina nafasi. "Nilisikia sauti yako ilivyobadilika ulipofika pale pa maji," akasema. "Nikajua maneno hayo unayataka. Nikaenda kuyakariri." Nilikasirika, Baba, sikufichi. Masikio yaliniwaka kwa aibu. Nilikuwa nimemshukuru Mungu kwa muujiza, kumbe muujiza ulikuwa umekaa juu ya gunia la maharage unanisikiliza. Nikamwambia asirudi.

Mama mdogo hakukubaliana na mimi wala na yeye. Alisema kijana aliyeiba maneno ya kitabu ili apendwe si mwizi wa kutisha, ila yeye anataka kuona anakolala. Akapanda basi la kwenda Vwawa, kutoka hapo akauliza njia mpaka Hasamba, akazunguka kwa majirani kama wafanyavyo wakubwa wetu huko nyumbani mtoto wa watu anapoposwa. Akarudi na habari za kila rangi. Lameki ni mbishi kwenye mikutano ya kijiji. Zamani kanisa lao lilimtenga kwa ajili ya pombe, akatubu, akarudishwa. Kahawa yake ina magugu. Na kuna jambo ambalo mimi sikuwahi kuelezwa, kwamba nyumbani kwake kuna watoto wanne wa marehemu kaka yake, ambao mama yao alishaolewa kwingine. Wanakula naye sahani moja. Mbele ya mgeni waliigiza anavyotembea, naye akacheka. Mama mdogo akasema yeye anawaogopa wanaume ambao watoto wakiwaona wananyamaza, na huyu si mmojawapo.

Hasira ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Watoto wanne, na hakutamka hata mmoja. Nikamtumia salamu aje. Alikuja na shati lake la kazi, akakaa kwenye benchi la wateja kama mtu aliyeitwa barazani kwa mwenyekiti. Nikamwuliza kwa nini alinificha.

"Kile kitabu hakikuwa na watoto," akasema. "Yule mwanamume alikuja peke yake. Niliogopa ukijua utaacha kunitazama."

Hapo ndipo nilipoelewa kosa la kitabu kile lilivyotuingia. Mimi kilinifundisha kungoja, na yeye kilimfundisha kuficha. Nikamwambia aniombe upya, na safari hii aombe pamoja na vyote alivyo navyo. Akataja watoto mmoja mmoja, yupi ana pumu, yupi bado anakojoa kitandani, yupi anapigana shuleni akitukanwa yatima. Hakukuwa na sentensi nzuri hata moja. Nilimwamini.

Kwa hiyo, Baba, ishara sina. Niliomba, sikupewa. Nina taarifa ya Mama mdogo, nina akili uliyotufundisha kuitumia mbele za Mungu, na ninampenda. Ninaogopa pia. Kulea watoto wanne si mchezo, na ziko asubuhi ninaamka nikijiuliza kama nitaweza. Lakini nimekwenda Hasamba kuwaona kwa macho yangu, nikiwa na Mama mdogo, na niliporudi nilikuwa nawawaza wao kuliko nilivyokuwa namwaza yeye. Posa ikifika, msiijibu kabla ya kuniuliza mimi mwenyewe mbele ya watu kama nitakwenda na mtu huyu. Na mniulize na habari ya watoto, nataka wote wasikie nikijibu.

Nisalimie Mjomba, ambaye najua ataudhika kwamba barua hii imeanzia kwako, na jambo lenyewe kwa desturi yetu ni lake. Mwambie kwa heshima zote kwamba mshenga ameelekezwa aanzie mlangoni kwake. Nisalimie Bibi mzaa Mama, na shangazi yangu wa kule ng'ambo ya mto, na kaka na shemeji na yule mtoto wao mchanga ambaye sijamwona. Wasalimie na wanafunzi wako wa ubatizo. Wakikuletea maneno ya riwaya usiwafukuze, fungua Biblia mkae nayo pamoja.

Nimebakiza moja. Siku tulipokuwa tunaondoka Hasamba, yule mdogo kabisa, Sara, alinifuata mpaka mwisho wa migomba. Akaniuliza kama nitalala. Nikamwambia hapana, narudi Tunduma, kwa sababu mimi nina baba yangu mbali sana na bado hajaulizwa. Akashika kitenge changu.

"Basi muulize," akasema.

Nakuuliza, Baba.

Mwanao akupendaye,
Agnesi